Jengo la fleti ambalo wamiliki wengi ni wapangishaji, je, linamfaa anayenunua ili akae? (Raskazone, Tanga)

Mwanachumbageni (mleta uzi)

Wanajamvi, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Naleta suala ambalo limenikosesha usingizi kwa miezi miwili sasa. Mimi na mume wangu tumestaafu na tumerudi Tanga baada ya kuzunguka mikoani kikazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyumba ya wazee pale Chumbageni tumewaachia wadogo zangu, nasi tunatafuta fleti ya kununua na kuishi humo hadi mwisho wa safari yetu, kwa kuwa mume wangu hana tena nguvu za kusimamia uwanja, ukuta na fundi bomba kila mwezi. Tumeipata moja ya vyumba viwili upande wa Raskazone, ghorofa ya pili, katika jengo la fleti 24 ambalo lina umri wa miaka sita. Upepo unaingia hadi jikoni, hospitali ya Bombo haiko mbali, na bei yake inalingana na mafao yetu bila kukopa.

Linalonisumbua ni hili. Dalali alilisifia jengo kwa kusema kwamba halikosi wapangaji. Nilipomuuliza ni wamiliki wangapi wanaoishi humo wenyewe, alinyamaza kidogo, kisha akataja familia sita. Kwa hiyo fleti 18 zilinunuliwa na watu wanaozipangisha, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Wapangaji wao ni wafanyakazi wa makampuni yenye kazi bandarini na kwenye bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda hadi hapa kwetu Chongoleani, kilomita 1,443.

Tumekwenda kulitazama jengo mara tatu, kwa makusudi katika saa tofauti. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, saa moja na nusu usiku. Tulikuta ngazi ni giza tupu na lifti imesimama. Mlinzi alitumulikia kwa tochi ya simu yake, akatueleza kwamba LUKU ya maeneo ya pamoja, yaani mita inayohudumia taa za ngazi, lifti na pampu ya maji, imeisha tangu saa kumi alasiri, na msimamizi wa jengo, ambaye yuko Dar es Salaam, hapokei simu. Tukiwa bado tumesimama pale, alishuka mama mmoja amejitanda khanga, akanunua umeme wa shilingi elfu kumi kwa simu yake, akamsomea mlinzi tarakimu ishirini moja moja hadi taa zikawaka. Kisha akachukua daftari la shule lililofungwa kwa uzi kando ya mita, akaandika tarehe, kiasi na jina lake. Nililiomba nilitazame. Daftari lina safu nne, na ya nne imeandikwa "amerudishiwa". Katika kurasa mbili nilizosoma, safu hiyo ilikuwa tupu, na majina yaliyojirudia yalikuwa matatu tu. Yote matatu ni ya wamiliki wanaoishi humo.

Tangu usiku ule najiuliza kama nitakuwa jina la nne katika daftari lile. Naomba mwenye uzoefu anieleze jinsi ya kulipima jengo la namna hii kabla sijatoa fedha, kwa kuwa akiba tuliyo nayo ni hiyo hiyo na hatutapata nyingine.

Mpangishaji wa Dar

Shikamoo mama. Mimi ni mmoja wa hao unaowahofia. Nina fleti mbili ninazozipangisha, moja Dar es Salaam na nyingine huko Tanga, na sijawahi kulala katika yoyote kati ya hizo.

Ningependa kwanza kuutetea upande wetu. Mpangishaji mwenye akili anajua kwamba mpangaji akichoka na ngazi zenye giza atahama, na fleti ikikaa tupu miezi miwili hasara yake ni kubwa kuliko ada ya huduma ya mwaka mzima. Ndiyo maana mimi hulipa ada ya miezi sita kwa pamoja, mara tu ninapopokea pango. Katika jengo letu la Dar es Salaam, wadaiwa sugu wawili ni watu wanaoishi humo humo, ambao kila kikao wana sababu mpya ya kutolipa.

Baada ya kusema hayo, nakiri kwamba hofu yako ina msingi. Kuna wenzetu ambao hulipa ada pale tu fleti inapokuwa na mtu. Ikiwa tupu, wao huona hawadaiwi, kwa maelezo kwamba hakuna anayetumia lifti wala taa. Hapo ndipo majengo yanapoanza kuoza. Kwa hiyo usihangaike sana na hesabu ya sita kwa kumi na nane. Uliza swali moja na usikubali jibu la mdomo: fleti ikiwa tupu, mwenye nayo anaendelea kulipa ada? Na uliza pia kuhusu fleti ambazo mwendelezaji aliyejenga hajaziuza. Kuna mwendelezaji anayebaki na fleti tatu au nne, asizilipie hata senti, huku akizipigia kura katika kila kikao.

Mwanachumbageni

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kusema kweli. Swali lako la fleti tupu limenigusa, kwa sababu hawa wapangaji wa bomba hawatakaa milele. Ujenzi huhitaji watu wengi, lakini kituo kikishakamilika huendeshwa na wachache. Sisi Watanga tumezoea kuambiwa mji wetu ni wa waja leo waondoka leo. Siku wageni hawa watakapofunga mizigo, fleti ngapi kati ya hizo 18 zitabaki tupu kwa wakati mmoja?

Mtanga wa Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Marekani, ambako nimeishi katika majengo ya aina hii kwa miaka kumi na minane, kwanza kama mpangaji na baadaye kama mmiliki.

Huku suala hili limekuwa na vipimo kwa muda mrefu, kwa sababu anayetoa mkopo wa nyumba huogopa jengo bovu kama unavyoogopa wewe. Fannie Mae, taasisi inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, ina masharti yake kuhusu majengo ya fleti. Kwa miaka mingi, anayetaka kukopa ili apangishe, katika jengo lililokwisha kamilika na kuuzwa karibu lote, alitakiwa kuonyesha kwamba angalau asilimia 50 ya fleti ni za watu wanaozitumia wenyewe. Lakini anayekopa ili akae katika jengo kama hilo hakuwekewa sharti hilo. Kinachoangaliwa ni mambo mengine: fleti zilizochelewesha michango kwa siku 60 au zaidi zisizidi asilimia 15, sehemu ya bajeti iwe inawekwa akiba kwa matengenezo makubwa, kipimo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 10, na mtu au kampuni moja isimiliki zaidi ya asilimia 20 ya fleti katika jengo lenye fleti 21 na kuendelea.

Tazameni mpangilio wa masharti hayo. Watu ambao kazi yao ni kuhesabu hatari hawamkatazi mkaaji kununua kati ya wapangishaji. Wanachokataa ni madeni, mfuko mtupu, na jengo kuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mama, jengo lako lina fleti 24, hivyo asilimia 20 yake haifiki hata fleti tano. Tafuta kama kuna mtu mwenye fleti tano au zaidi kabla hujahesabu wanaoishi humo.

Mzee wa Ngamiani

Wanangu, nimesoma kwa utulivu, nami nina neno fupi.

Tofauti kati ya mwenye kukaa na mwenye kupangisha si jambo geni mjini hapa. Mwaka 1971 Serikali ilipopitisha sheria ya kutwaa majengo, yale yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa yalichukuliwa, na yale ambayo mwenyewe alikaa kwa ukamilifu yaliachwa. Yaliyotwaliwa yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye, mwaka 1990, yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Mimi nimelelewa katika jengo mojawapo la Msajili katikati ya mji. Ndani ya vyumba vyetu mama alikuwa akipiga deki hadi sakafu inang'aa, lakini ngazi, ambayo ilikuwa ya mbao, ilioza kidato kimoja baada ya kingine kwa sababu kila mpangaji alijua si yake na mwenye nayo alikuwa ofisini. Hadi leo nikipanda ngazi yoyote mguu wangu huruka kidato cha tano.

Basi mama, ukilitazama jengo, anzia kwenye ngazi. Sebule itakueleza habari za muuzaji peke yake.

Binti Pangani

Naomba kuchangia kwa upande ambao haujasemwa. Nimekuwa mpangaji katika jengo la fleti kwa miaka minne, na katika uzi huu sisi wapangaji tumetajwa kama vile ni mvua za masika, kitu kinachokuja na kuondoka. Wengine tumekaa muda mrefu kuliko wamiliki. Sisi ndio tunaojua maji yanakatika saa ngapi na lifti imekwama mara ngapi, na sisi ndio tunaonunua LUKU ambayo tangu mwaka 2021 inakata pia kodi ya jengo la mtu mwingine. Hata hivyo, hatuna nafasi katika chama cha wamiliki, na malalamiko yetu hupitia kwa dalali, kwa mwenye nyumba, kwa msimamizi, hadi yanafika yamekwisha nguvu.

Mama yangu, kabla ya kuwauliza wamiliki, gonga milango miwili au mitatu ya wapangaji. Waulize wamekaa muda gani. Mpangaji wa miaka mitatu mwenye watoto wanaosoma hapo hapo mjini ni jirani kama jirani mwingine. Fleti inayobadilisha wageni kila baada ya siku mbili, au ile ambayo kampuni imewajaza vijana wanane katika vyumba viwili, ndiyo itakayokunyima raha. Zote hizo dalali anaziita za wapangaji.

Mhandisi wa Pwani

Nimefanya kazi ya ukarabati wa majengo ya ukanda wa bahari kwa muda mrefu, na ninaomba mnivumilie nikieleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo fedha za mstaafu zinapopotelea bila yeye kujua.

Hewa ya Raskazone ina chumvi. Chumvi hiyo hupenya kwenye zege polepole hadi ikafika kwenye nondo, na nondo zikianza kushika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege hupasuka kwa ndani, kisha huanza kumeguka. Jambo hili halisubiri jengo liwe kuukuu. Ikiwa mjenzi aliweka zege jembamba juu ya nondo, au alitumia mchanga wenye chumvi, dalili huonekana ndani ya miaka michache. Tazama chini ya vibaraza vya upande unaopigwa na upepo wa bahari. Ukiona michirizi ya rangi ya kahawia, au ufa ulionyooka kama umechorwa kwa rula, hapo ufa unafuata nondo. Gonga kwa sarafu: zege zima hulia sauti kavu, na lililoachana hulia kama debe tupu. Panda pia juu ya paa, ukatazame sakafu yanapokaa matangi ya maji.

Ukarabati wa hatua za mwanzo ni kazi ya fundi wawili kwa wiki moja. Ukiahirishwa kwa miaka mitano, unahitaji mihimili ya kuegemeza jengo na fedha ambazo hakuna chama kilichoziweka. Na hapa ndipo hoja ya mleta uzi inapoingia, maana mtu asiyeiona fleti yake mwaka mzima hauoni ufa.

Hata hivyo, sitaki mtu adhani kwamba wakaaji hulitunza jengo kwa sababu tu wanaishi ndani yake. Tarehe 24 Juni 2021, usiku wa manane, sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South, lililokuwa ufukweni mwa bahari katika mji wa Surfside, Florida, iliporomoka na watu 98 wakapoteza maisha. Jengo lilijengwa mwaka 1981 na lilikuwa na fleti 136. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameandika ripoti inayoeleza kuharibika kwa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea, ambako maji yalikuwa yakipenya. Baada ya hapo wamiliki walibishana kwa muda mrefu juu ya gharama, na mchango wa dola milioni 15 za Marekani uliidhinishwa Aprili 2021, miezi miwili tu kabla ya msiba. Miongoni mwa waliobishana walikuwamo watu waliolala humo kila usiku pamoja na watoto wao. Mwaka uliofuata jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo makubwa ya fleti yanapofikia umri fulani, na kuyalazimisha yaweke akiba ya kutengeneza mifupa ya jengo.

Kwa hiyo mama, omba uone ripoti yoyote ya ukaguzi na omba uone salio la mfuko wa akiba. Jengo la miaka sita lisilo na akiba kabisa halitakuwa nayo likifikisha kumi na tano.

Mwanachumbageni

Nawashukuru kwa dhati. Mhandisi, nimeyasoma maelezo yako kwa sauti mbele ya mume wangu, naye amenyamaza muda mrefu kisha akatafuta sarafu. Nitarudi hapa nikishafanya mliyoniagiza.

Karani wa Ardhi

Kabla hujaenda, dada, naongeza jambo la kisheria ambalo watu hulipuuza. Fleti nchini kwetu humilikiwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kila mwenye fleti hupata hati ya sehemu yake, na ngazi, paa, lifti, maegesho na kiwanja huwa mali ya wote kwa hisa, chini ya usimamizi wa chama cha wamiliki. Hakikisha kwamba fleti hiyo ina hati yake yenyewe, na si mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri huku kiwanja chote kikiwa bado kwenye hati moja ya mwendelezaji. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Kisha omba nakala ya kanuni za chama na usome kifungu cha kura: inahesabiwa kwa kichwa au kwa hisa? Kama ni kwa hisa, familia sita zinaweza kujaa ukumbini na bado mtu mmoja kwenye simu akazishinda.

Mwanachumbageni

Wanajamvi, nimerudi baada ya wiki tano. Natoa taarifa kwa ukamilifu kwa kuwa najua wapo wenzangu wenye mafao mkononi wanaosoma bila kuandika.

Nilianza na jengo la pili, ambalo sikuwa nimelitaja hapa. Ndugu yangu alikuwa amenishauri niachane na Raskazone, ninunue katika jengo dogo la fleti kumi karibu na mjini, ambako fleti nane zinakaliwa na wenyewe. Kwa maelezo yake, huko wote ni wenye mji na wanajuana. Nilikwenda nikiwa na matumaini makubwa. Ni kweli wanajuana, na walinikaribisha kwa kahawa na kashata. Lakini chama hakikuwahi kuundwa. Hakuna ada ya mwezi, wao huchanga jambo linapotokea. Paa linavuja juu ya fleti ya ghorofa ya tatu kwa masika mitatu mfululizo, na wa chini husema paa ni la wa juu, ilhali wa juu husema paa ni la wote. Mama mwenye fleti hiyo alinionyesha ndoo mbili zilizo sebuleni kwake, moja ikiwa imewekewa kitambaa ndani ili matone yasipige kelele usiku. Hakuna mwekezaji hata mmoja wa kulaumiwa katika jengo lile. Wote wanaishi pale, wote ni watu wema, na ndoo ziko sebuleni.

Kisha nikarudi Raskazone. Binti yangu wa Pangani, nilifuata ushauri wako, nikagonga milango mitano ya wapangaji. Watatu wamekaa zaidi ya miaka miwili. Mmoja ni muuguzi ambaye mwanawe husoma darasa la nne, na ndiye aliyenieleza kwamba lifti hukwama zaidi msimu wa mvua na kwamba fleti mbili za ghorofa ya nne ndizo hujazwa vijana wa kampuni. Nilizisikia mwenyewe saa tano ya usiku nikiwa nimekaa kwenye gari na mume wangu. Muziki ulikuwepo, lakini mlinzi alipanda na ukazimwa.

Katibu wa chama, ambaye ni mpangishaji anayeishi Arusha, alinitumia nakala za hesabu za miaka mitatu na mihtasari ya vikao baada ya muuzaji kumruhusu. Sikutarajia. Niliketi nazo siku mbili kwa kalamu nyekundu, kama nilivyozoea kazini. Ada ni shilingi 80,000 kwa fleti kwa mwezi, hivyo jengo zima linapaswa kukusanya 1,920,000. Tangu mwaka wa pili wamekuwa wakiweka pembeni 150,000 kila mwezi, na baada ya kununua pampu mpya mfuko una shilingi milioni 7.4, kwenye akaunti yenye watia saini watatu. Wadaiwa wa zaidi ya siku 60 ni watatu kati ya 24, yaani asilimia 12 na nusu. Wawili kati ya hao ni fleti za mwendelezaji ambazo hazijauzwa, kama ulivyotabiri, mwanangu wa Dar es Salaam. Wa tatu, mwenye deni kubwa kuliko wote, la miezi 14, ni mmoja wa zile familia sita zinazoishi humo.

Nilihuzunika nilipoliona jina hilo, kwa sababu nilikuwa nimejenga moyoni picha ya wakaaji wema waliozingirwa na wapangishaji wabaya, na karatasi hazikuniachia picha hiyo. Hao hao wa mbali ndio wanaolipa. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka na fedha kidogo aliye karibu na mita. LUKU ilikuwa inaisha kwa sababu kila ununuzi ulihitaji idhini ya msimamizi aliye Dar es Salaam, na Jumamosi jioni yeye hupumzika.

Kuhusu kura, kanuni zinazihesabu kwa hisa. Mwenye fleti nyingi kuliko wote anazo tatu, na mwendelezaji anazo mbili. Hata wakiungana hawafiki robo. Na kuhusu fleti tupu, kifungu kipo na kimeandikwa bila kuacha mwanya: ada inamdai mmiliki, fleti iwe na mtu au isiwe naye, na deni likipita miezi mitatu linatozwa nyongeza. Nilitafuta kwenye mihtasari kama kiliwahi kutumika. Kimetumika mara nne, na mara zote wapangishaji walilipa. Kwa yule jirani wa miezi 14 hakijatumika, kwa kuwa wanaoishi naye wanaona haya kumpelekea barua.

Nilipiga hesabu ya siku ya waja leo kuondoka. Fleti nane zikiwa tupu na wenye nazo wakiacha kulipa, zinapotea shilingi 640,000 kwa mwezi, fedha zinazokaribia mishahara ya walinzi wawili na mfanya usafi. Akiba iliyopo ingeziba pengo hilo kwa miezi kumi na moja na nusu, bila kubakiza kitu cha nondo wala lifti. Hesabu hiyo sikuifurahia, nami simshauri mtu aifumbie macho. Ila inawezekana kuishi nayo ikiwa kifungu kile kinasimamiwa na watu ambao wamekwisha onyesha kwamba wanakisimamia.

Mume wangu aligonga vibaraza vyote vya upande wa bahari anavyovifikia. Kimoja, cha ghorofa ya kwanza, kililia kama debe. Tulikipiga picha tukaituma kwa katibu, naye akajibu siku ya pili kwamba ameomba fundi akague vyote.

Mhandisi wa Pwani

Usikubali fundi rangi afunike tu. Zege bovu lichimbwe hadi nyuma ya nondo, nondo zisuguliwe ziwe nyeupe, ndipo lijazwe upya. Nipo tayari kupita kulitazama nikija Tanga.

Mpangishaji wa Dar

Mama, na daftari la LUKU limefikia wapi?

Mwanachumbageni

Mwanangu, hilo ndilo nililoliwekea sharti. Nilimwambia muuzaji kwamba sitatia saini kabla chama hakijampa mkaaji mmoja fedha ya dharura na ruhusa ya kuitumia, na kabla mwendelezaji hajaandika lini atalipa ada ya fleti zake mbili. La kwanza lilipita kwenye kikao kilichofanyika kwa simu. Shilingi 200,000 zitakaa kwa yule mama wa khanga, naye atatoa hesabu kila tarehe mosi. La pili mwendelezaji ameomba kulipa kwa awamu nne, na awamu ya kwanza imeonekana benki. Upekuzi wa hati umerudi safi. Fleti ina hati yake.

Tumelipa nusu ya bei juzi Jumatano, mbele ya wakili. Nilipokwenda jioni kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, nilisimama tena kwenye ile mita. Daftari bado limefungwa kwa uzi ule ule, na katika safu ya nne, mbele ya jina la yule mama, sasa kuna tarehe tisa zilizoandikwa kwa wino mmoja.

Jirani wa miezi 14 bado hajapelekewa barua. Katibu ameniuliza kama nikishahamia nitakubali kuwa mweka hazina, na nimemjibu kwamba nitakubali, na kwamba barua hiyo nitaipeleka mwenyewe kwa mkono.